Kiti kilichorudi sebuleni

Miezi minane baada ya kukabidhi kazi yangu ya kwanza ya malipo kama mbunifu wa ndani ya nyumba, nilirudi kwenye nyumba ile na kamera ya kuazima. Picha nilizopiga siku ya makabidhiano zilikuwa na giza upande wa dirisha, nami nilitaka zilizo safi za kuwaonyesha wateja wapya. Mwenye nyumba, mama mjane aliyekwisha kustaafu, alinifungulia mlango, akaliona begi la kamera begani, akasita. "Ungenipigia kwanza, mwanangu," akasema. "Ningepapanga."

Nilipoingia nikaelewa. Kochi jeupe nililolitafuta kwa wiki tatu lilikuwa limefunikwa shuka la kitandani. Meza ya kioo ilikuwa imesukumwa ukutani, juu yake magazeti na vichupa vya dawa. Taa ya kusimama yenye shingo ya shaba, iliyokula robo ya bajeti ya taa zote, ilikuwa kwenye kona, waya wake umezungushwa na haujachomekwa popote. Na pale kando ya dirisha, mahali nilipopaacha wazi makusudi ili chumba "kipumue", kilikuwa kimerudi kiti chake cha zamani: cha mbao, mikono mipana, kitambaa cha kijani kilichopauka hadi kikakaribia rangi ya vumbi, na mguu mmoja wa nyuma umetiliwa kadibodi iliyokunjwa mara nne ili kisiyumbe. Nilikuwa nimekipeleka stoo kwa mikono yangu mwenyewe. Juu ya mkono wa kulia palikuwa na duara jeupe la kikombe. Mto wa mgongoni ulikuwa umebonyea palepale mgongo unapokaa.

"Usikasirike," akasema. "Pamependeza. Kila mgeni anapasifia. Ila mimi nakaa hapa."

Sikupiga picha hata moja. Na kwa kweli nilikasirika, wiki nzima. Wabunifu wengi tukisimulia makosa yetu huwa tunaruka hapa. Mtu anataja kosa na sentensi inayofuata tayari ameerevuka. Mimi sikuerevuka. Nilimwambia rafiki yangu kwamba kuna watu hawastahili kazi nzuri. Ilinichukua zaidi ya miaka miwili, hasara moja kubwa na siku kumi na moja za kulala chali ndipo kiti kile kikaanza kuniingia akilini.

Niliingia kwenye usanifu wa ndani kwa mlango wa picha, kama wengi wa rika langu. Kwenye simu nilikuwa na picha zaidi ya elfu nne za vyumba: kuta nyeupe, mbao hafifu, miguu myembamba ya chuma cheusi, mmea mmoja mkubwa kwenye kona. Mtu akiniuliza mtindo wangu, nilijibu bila kufikiri: wa kisasa, tulivu. Sikujua kwamba jibu hilohilo lilikuwa linatolewa na nusu ya wenzangu. Mtindo niliouita wangu ulikuwa tu ndio uliokuwa ukipita mbele ya macho yetu sote mwaka ule, nami niliubeba na kuutua sebuleni kwa mama wa watu bila hata kumuuliza anakaa saa ngapi kwa siku, na akikaa anafanya nini.

Laiti ningemuuliza. Alikuwa anasoma. Kila asubuhi, kwa muda wa saa mbili au tatu, magazeti na vitabu, macho yake yakiwa tayari yameanza kudhoofika. Mwanga wa kutosha ulikuwa unapatikana sehemu moja tu ya chumba kile. Mimi nilipaacha wazi.

Hasara yenyewe ilikuja mwaka uliofuata, na ilitokana na kukimbilia upande wa pili. Nikajiambia: basi, kuanzia leo sina mtindo, mteja akitaka nyekundu ni nyekundu. Nikapata mume na mke waliokuwa wakikarabati nyumba yao. Yeye bwana alitaka chumba cha kulala chenye giza, mbao nzito, kama chumba cha meli. Bibi alitaka mwanga na nafasi. Mbunifu mwenye msimamo angekaa nao chini, aulize kila mmoja anakimbia nini na anatafuta nini, kisha alete wazo moja. Mimi niliwaambia wote wawili ndiyo. Nusu ya chumba ikawa hivi, nusu ikawa vile, na katikati kabati la ukutani la kutoka sakafuni hadi darini lililotakiwa kupatanisha pande mbili zisizozungumza.

Kabati hilo nililipima upana mara moja, chini, usawa wa sakafu. Milimita 2,412. Nikaandika kwenye mchoro, fundi seremala akalitengeneza kwa uaminifu mkubwa, likaletwa vipandevipande, likaanza kuunganishwa. Lilipofika usawa wa kifua likagoma. Ukuta wa kushoto ulikuwa umeinamia ndani. Kule juu upana ulikuwa pungufu kwa milimita 27. Fundi hakusema neno. Alikaa juu ya boksi la skrubu, akatoa simu, akaanza kuangalia vitu vyake. Ukimya ule bado nausikia.

Kosa lilikuwa langu na nililipa mimi. Malipo yote ya ubunifu wa kazi ile yakaishia kwenye mbao mpya na siku za fundi, na bado nikachota akiba. Kwa hiyo, hili nalisema kwa yeyote anayeanza, au anayetaka kujitengenezea kabati bila mbunifu: hakuna ukuta ulionyooka. Pima upana mara tatu, chini, katikati na juu. Pima kimo mara tatu, kushoto, katikati na kulia. Pima pembe kwa pembe, mishazari yote miwili. Ikitofautiana, ujue chumba chako si mstatili hata kama macho yanakudanganya. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha upunguze tena sentimita moja au mbili kila upande, na pengo hilo lizibwe kwa ubao mwembamba unaochongwa palepale kufuata ukuta. Maseremala wazoefu wanalijua hili, lakini fundi hufanyia kazi namba uliyompa. Ukimpa namba ya uongo, atakutengenezea uongo ulionyooka vizuri.

Tena muulize fundi kabla hujamaliza mchoro, si baada. Tangu siku ile hakuna mchoro wa fanicha unaotoka mikononi mwangu bila fundi kuuona ukiwa bado wa penseli. Mara nyingi ananifutia kitu. Kuna mmoja aliwahi kunitazama akasema, "Droo hii ukiifungua inagonga mlango," nikaona aibu ya mwanafunzi wa darasa la kwanza, na nikamshukuru.

Baada ya kabati lile nilikaribia kuacha kazi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nachora tu vipimo vya nyumba za wabunifu wengine. Ilikuwa kazi ya kuchosha na isiyo na jina. Lakini ilinifundisha kuingia katika vyumba vya watu nisiowajua nikiwa sina haki ya kubadilisha chochote. Nilikuwa nashika ncha ya tepu na kuona tu. Niliona kwamba karibu kila nyumba ina kiti kimoja kilichochakaa kuliko vingine. Kwamba rundo la viatu halikai pale kabati la viatu lilipo, linakaa pale mtu anapochokea. Kwamba kwenye swichi ukuta umechafuka upande mmoja, na uchafu ule unakuambia mkono unatokea wapi usiku.

Kisha nikavunjika mguu, nikalazwa kwa upasuaji. Siku kumi na moja chali. Juu yangu dari jeupe na taa ndefu ya mwanga mkali iliyowekwa katikati kabisa, yaani moja kwa moja machoni. Kando yangu sinki. Kila aliyefungua maji, matone yalipiga chuma kama kengele. Nilikuwa na digrii ya vyumba na sikuwahi, hata mara moja, kufikiria chumba kwa macho ya mtu aliyelala.

Nilipotoka nikasoma upya kuhusu jengo nililolipitia haraka chuoni: sanatoriamu ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Paimio, nchini Ufini, iliyobuniwa na Alvar Aalto pamoja na mkewe Aino. Walishinda shindano la kuichora mwaka 1929, ikafunguliwa 1933. Chuoni nilikariri kwamba ni jengo la kisasa, lenye veranda ndefu na kuta nyeupe kwa nje. Sikushika kilichokuwa ndani ya vyumba. Dari za wagonjwa zilipakwa kijani kilichokolea, kwa sababu mgonjwa anatazama dari kutwa na weupe ungemuumiza macho. Taa ziliwekwa nje ya upeo wa macho ya aliyelala. Joto lilielekezwa miguuni, mbali na kichwa. Na masinki, haya yalinifanya nifunge kitabu kwanza nikapumua, yalichongwa kwa mwinamo ili maji yaanguke bila kelele, mgonjwa mmoja akinawa asimwamshe mwenzake. Hata vitasa vya milango vilipindwa ili visinase mikono ya makoti ya madaktari.

Mtu wa ndani ya chumba kile alikuwa amelala, na kila kitu kilianzia hapo. Nikamkumbuka mama wa kiti cha kijani. Mtu wa ndani ya chumba chake alikuwa ameketi, anasoma, macho yamechoka, saa ya asubuhi. Mimi nilichora kwa ajili ya mtu aliyesimama mlangoni na kamera.

Hapo ndipo nilipozirudia zile picha elfu nne. Nilijiwekea sharti moja: nitaibakiza picha iwapo tu naweza kuandika kwa nini naipenda bila kutumia neno zuri, safi, tulivu wala kisasa. Ilikuwa kazi ya jioni nyingi, na ya kuaibisha. Picha nyingi sikuwa na la kusema juu yake. Zilibaki 61. Nilipozitandaza sakafuni nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Weupe haukuwa jambo. Zaidi ya nusu zilikuwa na rangi nzito. Kilichojirudia ni mwanga unaotoka ubavuni badala ya juu, mahali pa kukaa karibu na mwanga huo, na kitu cha kushika chenye umri: mbao iliyolainika kwa mikono, kitani kilichojikunja, udongo. Dirisha, kiti, na kitu kizee. Yaani kona ileile aliyojitengenezea mama bila msaada wangu, tena kwa kurekebisha nilichoharibu.

Ukiwa unatafuta mtindo wako, fanya zoezi hilo kabla ya kununua hata mto. Usianze na jina la mtindo. Majina ya mitindo huwasaidia wauzaji kupanga bidhaa. Wewe utapata zaidi ukijua kwamba huwezi kukaa na mgongo ukielekea mlango, au kwamba unapenda kuona mtu anayeingia, au kwamba kapeti jipya linakufanya utembee kwa woga nyumbani kwako mwenyewe.

Nikiulizwa leo ninavutwa na nani, nawataja wachache, na sababu zangu si za kuwaabudu. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, alibuni jiko la Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, la upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, likawekwa katika nyumba zipatazo elfu kumi za makazi ya jiji lile. Alihesabu hatua na muda wa kazi za jikoni kama mhandisi anavyohesabu kiwandani, kila kitu kikapata mahali pake kwa kadiri mkono unavyofika. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba kabla ya hapo hakuwahi kuendesha jiko la nyumba. Hilo hunipa moyo: huhitaji kuwa umeishi maisha ya mteja, lakini lazima uyapime. Hunipa na tahadhari vilevile, kwa sababu jiko lile lilimtosha mtu mmoja tu, na aliyekuwa ndani yake alijikuta peke yake huku wengine wakizungumza chumba cha pili. Ukipima hatua tu bila kupima upweke, utakuwa umepima nusu.

Mwingine ni Eileen Gray, mbunifu wa fanicha na nyumba. Nyumba yake ya E-1027, pale Roquebrune-Cap-Martin kusini mwa Ufaransa, ilikamilika mwaka 1929, na meza ndogo aliyoibuni kwa ajili yake inapanda na kushuka ili iingie juu ya kitanda na kukusogelea ulipo. Kwangu hiyo ndiyo meza yenye adabu kuliko zote. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1930, Le Corbusier, msanifu majengo maarufu, alichora michoro mikubwa kwenye kuta za nyumba hiyo bila ruhusa ya Gray, naye alilihesabu tendo lile kuwa uharibifu. Nimewahi kusikia watu wakisema michoro ile ina thamani sana. Huenda. Mimi kila ninapotaka kuongeza kitu kwenye chumba cha mtu kwa sababu kitapendeza kwenye picha zangu, namkumbuka bwana yule na brashi yake.

Luis Barragán, msanifu majengo wa Mexico, naye alinifundisha rangi, na nilichojifunza kwake si waridi lake maarufu. Katika nyumba yake ya mwaka 1948 huko Mexico City, kwenye ukumbi wa ngazi, kuna kazi ya msanii Mathias Goeritz iliyofunikwa utando mwembamba wa dhahabu. Mwanga wa dirisha la juu unaipiga, unadunda, unashuka ngazini ukiwa wa joto kuliko ulivyoingia. Yaani rangi si kitu kilichopakwa ukutani. Ni kile mwanga unachokifanya ukishaugusa ukuta. Hili nililijua kwa kichwa tu, mpaka chumba cha kijivu kiliponiadhibu.

Kijivu chenyewe kilikuwa cha mteja wa nne au wa tano. Dukani, chini ya taa nyeupe, kilikuwa kijivu kama jiwe la mto. Ukutani, saa kumi jioni, kikawa zambarau. Mteja alisimama katikati ya chumba, akageuka polepole, akasema kwa upole unaouma, "Hii ndiyo tuliyochagua?" Kijivu karibu chote kina rangi nyingine iliyojificha ndani yake, bluu, kijani au zambarau, na mwanga ukibadilika inajitokeza. Sakafu ya mbao nyekundu ikadundisha wekundu wake ukutani, balbu za bei ya chini zikamalizia. Tukapaka upya, gharama tukagawana nusu kwa nusu, na alikuwa na haki ya kukataa hata hiyo nusu.

Sasa sipaki tena viraka vidogo ukutani. Kiraka kikiwa kimezungukwa na rangi ya zamani, macho yanakilinganisha nayo na kukudanganya. Napaka ubao au karatasi nene, kubwa kama mkeka wa mlangoni, napaka mara mbili, naacha ikauke kabisa kwa sababu rangi mbichi na iliyokauka si moja, kisha ubao unahamahama: karibu na dirisha, mkabala wa dirisha, kwenye kona. Asubuhi, mchana, usiku taa zikiwaka. Siku mbili kamili. Mteja mwenye haraka atanung'unika, mwache anung'unike.

Na taa huja kabla ya rangi. Kwa sehemu ya kupumzikia natumia balbu za kelvini 2,700, mara chache 3,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga huelekea manjano; ikipanda, huelekea weupe). Jikoni juu ya kaunta au mezani pa kazi naweza kupanda hadi 4,000. Kwenye boksi la balbu naangalia pia kipimo cha uaminifu wa rangi, kile kinachoandikwa CRI, nacho nataka kiwe 90 au zaidi, la sivyo ngozi za watu huonekana kama za wagonjwa. Taa moja katikati ya dari siikubali tena kama mwanga pekee wa chumba cha kukaa. Huo ndio ukaidi wangu, na wateja wawili wameondoka kwa sababu yake. Taa ndogo tatu au nne, za chini, kila moja na swichi inayofikiwa na aliyeketi, zinatosha na kubaki.

Kuhusu nafasi nina vipimo vichache ninavyovibeba kichwani, navyo hunisaidia kuliko nadharia. Kiti cha kulia chakula, kama sentimita 45 kutoka sakafuni hadi pa kukalia, na meza yake 75. Kati ya kochi na meza ya mbele yake, 40 hadi 45, mkono ufike bila kuinuka. Njia kuu ya kupita, 90. Nyuma ya kiti cha mezani, 75 mtu aweze kujivuta na kuinuka, zaidi ikiwa wengine wanapita hapo. Kabla ya kununua chochote bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni kwa umbo la fanicha halisi, ishi nao siku tatu. Ukilazimika kuuruka ule utepe kila mara, kochi lile ni kubwa mno.

Vitu vyenyewe napenda vinavyofunguka. Kiti namba 14 cha mtengenezaji fanicha Michael Thonet, cha mwaka 1859, kina vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye boksi la mita moja ya ujazo. Kwa nini nakisifia? Kwa sababu kikilegea, unashika bisibisi. Kochi lililogundishwa kila mahali likilegea, unashika simu kuita lori la taka. Kitani kitajikunja, shaba itafifia, mbao itapigwa alama za vikombe. Mteja asiyeweza kuvumilia alama namwambia mapema, tusije tukaumizana.

Upande wa fedha na makaratasi nitasema kwa ufupi maana hauna raha. Malipo kwa hatua, tatu au nne, na hakuna hatua inayoanza kabla ya iliyotangulia kulipwa. Idadi ya mabadiliko ya michoro iandikwe. Mimi natoa mara mbili, ya tatu inalipiwa. Tenga sehemu ya kumi ya bajeti kwa ajili ya kisichojulikana, na kama nyumba ni kuukuu tenga sehemu ya tano. Kinachonunuliwa na mteja mwenyewe kiandikwe kuwa ni cha mteja mwenyewe, kikija kimevunjika. Yote haya niliyapuuza nikidhani urafiki unatosha.

Siku hizi mkutano wa kwanza siendi na picha. Naomba kukaa. Nakaa kwenye kila kiti cha nyumba, naomba kulala kitandani kama mwenyewe ananiruhusu (wengi hucheka, wachache hukataa), nasimama jikoni nikijifanya naosha vyombo. Halafu nauliza swali moja: kitu gani humu ndani huwezi kukitupa hata ukilipwa? Watu huanza kwa kuomba radhi. Kile wanachokiombea radhi ndicho ninachoanza kuchora nacho. Nimeshachora chumba kuzunguka saa mbovu, chumba kuzunguka sanduku la chuma, na kimoja kuzunguka mbwa mzee aliyekuwa na sehemu yake ya jua sakafuni saa nne asubuhi.

Nikampigia yule mama. Ilikuwa imepita miaka mitatu hivi, na nilikuwa nimejiandaa kukatwa simu. Nilimwambia nataka kuja kurekebisha nilichokosea, bila malipo, na sitagusa kiti. Akakaa kimya kidogo. "Njoo asubuhi basi," akasema, "ndipo utaona."

Nilienda asubuhi, nikakaa kwenye kiti cha kijani kwa ruhusa yake. Kutoka pale niliona vitu viwili ambavyo kutoka mlangoni havikuonekana. Kwanza, meza ya kioo ilikuwa ikimrushia mwanga wa dirisha machoni, ndiyo maana aliisukuma ukutani. Pili, swichi ya taa ya shaba ilikuwa ya kukanyaga sakafuni, nyuma ya kitako cha taa, na magoti yake hayakuwa ya kuinamia kutafuta swichi gizani. Taa ile haikuwa mbaya. Haikufikika tu.

Kazi ilikuwa ndogo ajabu. Meza ya kioo iliondoka, ikaja stuli ya mbao ya kimo kilekile cha mkono wa kiti, ya kikombe na miwani. Kochi jeupe tulilishonea foronya ya kitani kizito cha rangi ya udongo, inayofulika, shuka likarudi kitandani. Ukuta ulio mkabala wa dirisha, ambao niliupaka weupe mkali, tukaushusha hadi rangi ya krimu ili usishindane na ukurasa wa kitabu. Fundi umeme akahamishia swichi ya taa kwenye waya, usawa wa kiwiko, na taa yenyewe ikasogea nyuma ya bega la kushoto, kwa kuwa mama hushika kalamu kwa mkono wa kulia na hupigia mistari anachosoma. Fundi seremala alitaka kuondoa kadibodi chini ya mguu na kuweka kipande cha mbao. Tukamuuliza mwenyewe. Akasema mbao ni sawa, lakini kadibodi ibaki droo ya stuli, akakataa kueleza zaidi, nasi hatukumuuliza.

Tulipomaliza akaketi. Akaibonyeza swichi, ikawaka. Akaizima, akaiwasha tena, kama anayehakikisha kwamba haimchezei. Akavaa miwani, akafungua gazeti. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na kamera, ya kwangu mara hii, nikisubiri aseme neno.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "sogea kidogo, umeniziba dirisha."